Utengano (riwaya)

Utengano ni riwaya ya Kiswahili iliyoandikwa na Said Ahmed Mohamed, mwandishi mzaliwa wa kisiwa cha Pemba, Zanzibar. Ilichapishwa mwaka 1980 na kampuni ya Longman Kenya mjini Nairobi. Inasimulia habari za Bwana Maksuudi, mtu mwenye mali na madaraka katika mji wa pwani, na za wanawake aliowadhulumu ambao wanafika siku ya kumlipa. Riwaya hii imewahi kuwa kitabu cha kutahiniwa katika shule za sekondari za Kenya, na kwa sababu hiyo wako watu wengi wa Afrika Mashariki wanaomkumbuka Maksuudi kama wanavyomkumbuka jirani mbaya wa utotoni.

Makala hii inaeleza mtiririko wa hadithi kwa kufuata uzi wa kisasi: nani anamlipiza nani, kwa sababu gani, kwa njia gani, na nani anayeumia. Anayetaka kuisoma riwaya bila kujua yatakayotokea afadhali aanze na kitabu chenyewe.

Mwandishi

Said Ahmed Mohamed alizaliwa Pemba mwaka 1947. Pemba ni kisiwa cha pili kwa ukubwa katika Zanzibar, kaskazini mwa Unguja, na ndiko inakotoka sehemu kubwa ya karafuu za Zanzibar. Ni kisiwa chenye historia ndefu ya utunzi. Karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20 waliishi huko Kamange na Sarahani, washairi wawili waliojibizana kwa mashairi. Tungo zao zimekusanywa katika kitabu Kale ya Washairi wa Pemba. Katika majibizano ya aina hiyo neno halipotei hewani. Aliyerushiwa lazima arudishe, tena kwa ustadi kuliko alivyorushiwa. Msomaji wa Utengano akilikumbuka hilo hatashangaa kuona jinsi wahusika wake wanavyotunza deni la maneno na la vitendo kwa miaka mingi.

Mohamed alikuwa mwalimu, kisha akawa mtaalamu wa isimu na fasihi. Shahada yake ya uzamivu aliipatia Leipzig, Ujerumani, na baadaye alifundisha katika vyuo vikuu vya nchi kadhaa, vikiwemo vya Osaka nchini Japani na Bayreuth nchini Ujerumani. Ameandika riwaya, tamthilia, hadithi fupi na mashairi. Riwaya yake ya kwanza ni Asali Chungu. Ndani yake tayari kuna wazo ambalo Utengano ingelipanua: dhambi ya baba inarudi nyumbani kwake kupitia mtoto aliyemzaa nje ya ndoa. Mwaka 1980, ilipotoka Utengano, zilitoka pia riwaya yake Dunia Mti Mkavu na diwani yake Sikate Tamaa. Ulikuwa mwaka wa mavuno kwake.

Jina la riwaya

Neno utengano linatokana na kitenzi tengana. Kila mzungumzaji wa Kiswahili analijua kutoka katika methali isemayo kuwa umoja ni nguvu na utengano ni udhaifu. Katika riwaya hii utengano una sura zaidi ya moja. Mume ametengana na mke kabla hata ya talaka, kwa kuwa hawaongei ila kwa amri. Binti ametengwa na dunia kwa kufungiwa ndani. Wenye nacho wametengana na wasio nacho, ingawa wanakutana kila siku mlangoni, mmoja akiwa bwana na mwingine mtumishi. Kisasi kinazaliwa katika nyufa hizo.

Nyumba ya Maksuudi

Maksuudi anajulikana mjini kama mtu wa heshima. Anajionyesha kuwa mcha Mungu na mlezi mkali wa familia. Mke wake ni Bi Tamima, na watoto wake ni Mussa, kijana anayesoma, na Maimuna, binti aliyekwisha pevuka. Biti Kocho ni mtumishi wa nyumba.

Maimuna anatawishwa. Katika miji ya pwani ya zamani, hasa katika familia zilizotaka kuonyesha daraja lao, binti aliyevunja ungo aliwekwa ndani asionwe na wanaume mpaka aolewe. Kwa Maksuudi utawa huo umegeuka kifungo. Binti hajui soko lilivyo, hajui watu wanavyosalimiana barabarani, na anachokijua cha ulimwengu ni kile kinachopenya dirishani au kinachodondoka katika mazungumzo ya mama yake na Biti Kocho. Tamima naye hana uhuru mkubwa kuliko bintiye. Amri za mumewe zinampangia hata nani aingie nyumbani na nani asiingie.

Wakati huohuo Maksuudi mwenyewe ana maisha ya pili nje. Anatembelea wanawake, na katika kujenga utajiri wake amewapitia watu bila huruma. Mwandishi hachelewi kutufunulia jambo hili, kwa hiyo hadithi haitegemei fumbo la nani mbaya. Msomaji anangoja kuona deni litadaiwa lini.

Kisasi cha Bi Farashuu

Mdai wa kwanza ni kikongwe, Bi Farashuu, mkunga wa jadi. Binti yake, Mwanasururu, aliwahi kuwa mke wa Maksuudi. Maksuudi alimtumia, akaichukua mali yake, kisha akamwacha aharibikiwe. Kwa sheria Farashuu hana pa kwenda kushtaki. Mtuhumiwa ana cheo, na yeye ni bibi maskini. Anakaa na uchungu wake akisubiri.

Nafasi inakuja Tamima anaposhikwa na uchungu wa kuzaa ilhali mumewe hayupo. Nyumba iliyofungwa kwa kila mtu haina budi kufunguliwa, na Biti Kocho anakwenda kumwita mkunga. Kwangu hapa ndipo mpango wa riwaya ulipo bora kabisa. Maksuudi ameweza kuwazuia wanaume, marafiki, majirani na hata jua lisimwone binti yake, lakini hakuna ukuta unaomzuia mkunga saa ya uzazi. Neno lenyewe linafanana na kunga, yaani siri na mafunzo ya faragha. Mkunga anaingia pale ambapo mume haingii, anasikia yale ambayo wengine hawasikii, na wakati huo wote wa nyumba wako chini ya amri yake.

Farashuu anafanya kazi yake ya ukunga, lakini macho yake yako kwa Maimuna. Anamwona binti aliyejaa hamu ya kuijua dunia, na anatambua kuwa huyo ndiye mahali pa kumpiga Maksuudi. Hahitaji sumu wala kisu, kwa kuwa kumwonyesha msichana mlango kunatosha.

Maksuudi anaporudi na kugundua kuwa amri yake imevunjwa, hasira yake inamwangukia aliye karibu. Anampiga Tamima na kumtaliki. Ni vizuri msomaji asiyelelewa pwani aelewe uzito wa tukio hili. Katika ndoa ya Kiislamu kama inavyofuatwa Zanzibar, mume anaweza kutoa talaka kwa tamko lake, ilhali mke anayetaka kuachika hana budi kwenda kwa kadhi au kuinunua talaka yake kwa kurudisha mahari, njia inayoitwa khului. Tamima hakuomba chochote. Kosa lake ni kuokolewa na mwanamke ambaye mumewe hakumruhusu kuingia, na maisha yake ya ndoa yanakatika kwa maneno machache.

Maimuna anatoroka. Farashuu amefanikiwa.

Mtego wa Kazija

Mdai wa pili ni Kazija, mwanamke ambaye Maksuudi humtembelea kwa siri. Mtu angetazamia kuwa mhusika wa namna hii awe kishawishi tu cha kumpoteza mwanamume, kama ilivyo katika hadithi nyingi za mawaidha. Mohamed amempa akili na kusudi. Kazija anamjua Maksuudi kuliko anavyojulikana msikitini au ofisini, na anaamua kutoza deni kwa niaba ya wanawake wote waliopita mikononi mwake.

Mtego wake ni rahisi na wa kutisha. Anafanya urafiki pia na Mussa, mtoto wa Maksuudi, kisha anapanga nyakati zao ili baba na mwana wakutane nyumbani kwake. Wanafumaniana. Kijana aliyefunzwa kumcha baba yake kama nguzo ya maadili anamkuta mahali ambapo na yeye mwenyewe hakutakiwa kuwepo. Aibu ya kila mmoja ni kioo cha mwenzake.

Kisasi hiki hakimwagi damu wala hakichukui hata senti moja. Kinachobomolewa ni uso, yaani ile heshima ya nje iliyokuwa mtaji mkubwa wa Maksuudi. Baba aliyeonwa na mwanawe katika hali ile hawezi tena kuamrisha. Mussa kuanzia hapo anamtazama kwa macho mengine, na utii wa zamani haurudi.

Safari ya Maimuna

Sehemu ndefu na nzito ya riwaya inamfuata Maimuna baada ya kutoroka. Msomaji aliyekuwa akishangilia kila kofi alilopata Maksuudi anaanza kusita, kwa maana anayelipa sasa ni binti.

Maimuna hajawahi kufundishwa kuishi na watu. Kufungiwa hakukumlinda, kulimnyima maarifa ambayo msichana yeyote wa mtaani huyapata bure: nani wa kuaminiwa, bei ya kitu, maana ya tabasamu la mgeni. Anaingia katika ulevi na ukahaba kwa kasi ambayo baadhi ya wasomaji huiona imezidi. Nadhani mwandishi alikusudia kasi hiyo. Aliyetolewa gizani ghafla hupofushwa na mwanga, na anachokikamata kwanza ndicho anachokiamini.

Baadaye anakuwa mwimbaji katika klabu ya Mama Jeni. Sauti aliyokuwa akiizuia nyumbani sasa inauzwa kwa walevi, na anayefaidika zaidi ni mwenye klabu. Kwa nje anaonekana huru: anaimba, anavaa atakavyo, anashangiliwa. Kwa ndani amebadilisha mlinzi wa gereza tu, kutoka baba hadi tajiri mpya. Mwandishi anauweka ufanano huo mbele ya macho yetu bila kuueleza sana.

Anayemsaidia kugeuka ni Kabi, kijana wa hali ya chini anayemtazama kama mtu. Kabi hana mali wala makuu, na katika riwaya iliyojaa watu wenye hila yeye anaonekana karibu mwepesi mno. Hata hivyo ndiye mwanamume wa kwanza asiyemtaka Maimuna kwa ajili ya kumfungia, kumuuza au kumtumia kumwumiza mtu mwingine. Anamwoa, na Maimuna anapata nguvu ya kurudi kwao.

Maksuudi kwa upande wake ameanguka. Cheo, mali na heshima vimemtoka, na watu waliomwinamia hawamjui tena. Sehemu ya mwisho ya riwaya inahusu kurudi, kukutana na kuombana radhi, jambo ambalo katika jamii ya Waswahili lina uzito wa pekee, kwa kuwa mzazi asiyetoa radhi huaminiwa kuwa anaacha mzigo juu ya mtoto. Humu, hata hivyo, mzazi ndiye anayehitaji kusamehewa.

Je, kisasi kimefaulu?

Swali hili hupendwa na watahini, na wanafunzi wengi hujibu haraka kuwa ndiyo, kwa sababu Maksuudi ameangamia. Jibu hilo linamsahau Maimuna.

Tuchukue hesabu ya Farashuu. Maksuudi alimharibu binti wa watu, na Farashuu akamrudishia kwa kumharibu binti yake. Ni mizani sawasawa, binti kwa binti, lakini walioko juu ya mizani hiyo ni Mwanasururu na Maimuna, wasichana wawili ambao hawakumdhulumu mtu yeyote. Bibi aliyelia kwa ajili ya mtoto wake anafungua njia ya kumliza mama mwingine. Tamima hakuwa adui yake. Wote wawili walikuwa wake au mama wa wake wa mtu yuleyule, na kama wangeketi pamoja wangekuta wana shtaka moja. Jina la riwaya linagonga hapa pia, kwani utengano wa wanawake wenyewe ndio unaomfanya Maksuudi asifikiwe ila kwa kupitia miili ya watoto wake.

Kazija yuko mbali kidogo na kosa hilo, kwa sababu mtego wake unamfikia mkosaji mwenyewe, ana kwa ana. Naye pia amemtumia Mussa kama chambo, lakini katika kumwaibisha kijana huyo amemfungua macho. Ukilinganisha visasi viwili, cha Kazija kinafichua uovu na cha Farashuu kinauendeleza. Si kila mwongozo wa riwaya hii unaotofautisha hayo mawili, na ni hasara kwa mwanafunzi.

Fasihi ya dunia ina hadithi nyingi za kisasi. Waswahili wanamjua Shylock, anayedai ratili ya nyama ya mdeni wake, kupitia Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Julius Nyerere ya mwaka 1969. Shylock anakwenda mahakamani akiwa na hati mkononi. Alexandre Dumas wa Ufaransa alimpa shujaa wake wa Monte Cristo hazina ya kisiwani ili aweze kuwaangamiza maadui zake mmoja mmoja. Friedrich Dürrenmatt wa Uswisi, katika tamthilia yake ya mwaka 1956 kuhusu bibi tajiri anayerudi katika mji wa ujana wake, alimpa mwanamke aliyedhulumiwa fedha za kuununua mji mzima. Wote hao wana hati, dhahabu au benki. Wanawake wa Utengano hawana hata kimoja. Wana ukunga, kitanda na siri. Nguvu yao yote imo ndani ya nyumba, na kwa hiyo kisasi chao kinapigania ndani ya nyumba, mahali ambapo watoto wanalala.

Mazingira ya uandishi

Riwaya nyingi za Zanzibar za miaka ya 1960 na 1970 zilishughulikia dhuluma ya mali na ya jinsia katika familia. Katika Nyota ya Rehema ya Mohamed Suleiman Mohamed, iliyotoka mwaka 1976, binti anayebaguliwa na ukoo wa baba yake anadhulumiwa hata urithi wa shamba. Utengano inafuata njia hiyo lakini inaisogeza mbele: mnyanyasaji wake ni mtu wa enzi baada ya ukoloni, mwenye kuzungumza lugha ya maendeleo hadharani huku nyumbani akitawala kama sultani. Msomaji wa mwaka 1980 alimjua mtu huyo bila kuhitaji kuoneshwa kidole.

Kwa mtindo, riwaya ni ya kihalisia. Lugha yake ni tajiri kwa tamathali na msamiati wa visiwani, na majadiliano ya wanawake, hasa ya Farashuu na Biti Kocho, yana mafumbo na vijembe ambavyo mtu wa bara huweza kuvisoma mara mbili kabla ya kuvipata. Mwandishi mara nyingine huhutubia mno, hasa karibu na mwisho, ambapo wahusika wanaanza kuzungumza kama waliokaa darasani. Ni doa dogo katika kitabu ambacho sura zake za nyumbani kwa Maksuudi zina mvuto mkubwa.

Baada ya Utengano

Said Ahmed Mohamed aliendelea na riwaya za kihalisia, ikiwemo Kiza Katika Nuru ya mwaka 1988, kisha akabadili njia. Katika tamthilia zake, kwa mfano Kivuli Kinaishi na Amezidi, alitumia ishara na vichekesho vya ajabu kuwasema watawala. Mwaka 2001 ilitoka Babu Alipofufuka, riwaya ambayo ndani yake maiti ya babu inarudi kumsumbua mjukuu wake K, kiongozi aliyesahau alikotoka. Hapo mwandishi amelirudia jambo la mkubwa kudaiwa deni lake, ila mara hii mdai ametoka kaburini na hahitaji kupita kwa mtoto wa mtu.